Kuishi na Mwenzi Aliyepata Kiharusi: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Apone na Ajitegemee Tena

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, hatari ya siku za mwanzo huwa imepungua, lakini kazi ya kupona ndiyo kwanza inaanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo itafanyika chumbani, uani na mezani, pamoja na mume au mke wake. Nyumba zetu zina desturi njema ya kumhudumia mgonjwa: atalishwa, ataogeshwa, atavalishwa, na kila ndugu anayeingia atataka naye awe na mchango wake. Kwa mtu aliyelazwa na malaria kwa siku chache, desturi hiyo ni rehema. Kwa aliyepooza upande mmoja wa mwili, ikiendelea kwa miezi, humnyang'anya kitu anachokihitaji mno, nacho ni nafasi ya kutenda mwenyewe.

Sababu iko kwenye ubongo. Viharusi vingi hutokana na bonge la damu linaloziba mshipa wa kichwani, na vingine hutokana na mshipa kupasuka. Kwa vyovyote vile, seli za ubongo zilizokufa hazirudi. Kinachowezekana ni sehemu zilizosalia kujifunza kazi za zile zilizopotea, nazo hujifunza kwa kurudia tendo lilelile mara nyingi, kwa juhudi ya mgonjwa mwenyewe. Kwa kawaida maendeleo huwa ya kasi zaidi katika miezi 3 ya kwanza, huendelea kuonekana hadi kama mwezi wa 6, kisha hupungua kasi bila kukoma. Kwa hiyo kauli ya "apumzike kwanza apate nguvu, mazoezi baadaye" hula muda ulio bora kuliko wote. Mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: kila msaada unaompa mwenzi wako uwe na mpango wa kupunguzwa.

Kabla hamjatoka hospitali

Usikubali kuondoka na karatasi ya dawa peke yake. Muulize daktari kiharusi kilikuwa cha bonge la damu au cha mshipa kupasuka, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua dawa: dawa za kuzuia damu isigande humfaa wa kwanza na zinaweza kumdhuru wa pili. Uliza pia chanzo chake, iwe ni presha, kisukari, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio au sigara. Uliza kama amepimwa uwezo wa kumeza. Uliza tarehe ya kliniki, na uliza mazoezi yataendelea wapi.

Kisha mwombe mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, akuonyeshe jinsi ya kumgeuza kitandani, kumketisha na kumsimamisha, na usiishie kutazama. Fanya mwenyewe mbele yake, akurekebishe. Kutazama hudanganya: jambo linaonekana jepesi mpaka uzito wa mtu mzima ukuegemee. Nchini Tanzania huduma hii hupatikana katika hospitali za Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, ambako wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo (wanaomfundisha mgonjwa kufanya tena shughuli za kila siku) husomeshwa, na katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Ikiwa nauli au umbali hauruhusu kwenda kila wiki, mwambie mtaalamu wazi tangu mwanzo, ili akupangieni mazoezi ya mwezi mzima ya kufanyia nyumbani na kuyakagua mtakaporudi.

Kuiandaa nyumba

Adui wa kwanza nyumbani ni kuanguka. Ondoa mikeka na mazulia yanayoteleza njiani anakopita, hasa kati ya kitanda na choo. Kizingiti kirefu cha mlango kiwekewe ubao wa mteremko au kipakwe rangi ya kung'aa aone pa kuinua mguu. Taa ya njiani iwake usiku, na pale umeme unapokatika mara kwa mara iwepo ya kuchaji. Viti vya plastiki visitumike kabisa kwa kuinukia, kwa sababu ni vyepesi na hupinduka anapovikandamiza kwa mkono mmoja. Tafuta kiti cha mbao kizito chenye mikono, ambacho akikikalia magoti yasizidi nyonga kwa kimo.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachosumbua familia nyingi, nacho kina suluhisho la bei nafuu. Fundi seremala anaweza kuunda kiti imara cha mbao chenye tundu katikati na mikono pande zote mbili, kikawekwa juu ya choo na kuondolewa wengine wanapotaka kukitumia. Ukutani, upande wa mkono wake wenye nguvu, fundi afunge bomba la chuma la kushikilia, lizame ukutani kwa saruji na si kwa misumari. Bafuni weka kiti kifupi, ndoo iwe juu ya kibao isifikiwe kwa kuinama, na kata iwe nyepesi. Akiweza kwenda choo bila kushikwa amepata heshima yake kubwa kuliko akiweza kutembea hadi barabarani, na ndiyo maana mimi hushauri fedha ya kwanza iende chooni kabla ya kununua kiti mwendo.

Kuzuia kiharusi cha pili

Aliyepata kiharusi mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kupata kingine, zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo, na kingine kikija hufuta yote aliyoyajenga. Dawa za presha, za kolesteroli na za kisukari haziachwi kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri, kwani presha mara nyingi haina dalili yoyote. Hazikopwi kutoka kwa jirani wala hazibadilishwi kwa majani ya kuchemsha. Mitishamba mingine hupambana na dawa za hospitali. Kama kuna unayotaka kumpa, mwambie daktari kwanza.

Mashine ya kupimia presha ya mkononi ni ununuzi wa busara. Mgonjwa aketi akiwa ametulia kwa dakika 5, mgongo umeegemea na miguu imekanyaga chini, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Tumia mkono usiopooza, pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, andika kwenye daftari pamoja na tarehe na saa, nawe ulichukue daftari hilo kila kliniki. Lengo ambalo madaktari wengi huliweka baada ya kiharusi ni presha isiyozidi 130/80, ila lengo la mwenzi wako alitaje daktari wake. Baada ya majuma machache mwachie yeye kazi ya kuandika, hata kama herufi zitayumba, na dawa zake azipange mwenyewe kwenye kisanduku chenye siku za wiki huku wewe ukikagua tu.

Jikoni, Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa ile iliyojificha kwenye vidonge vya mchuzi, achari, ng'onda na papa mkavu. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari huipa mboga ladha bila kuhitaji chumvi nyingi. Nyumba nzima ipikiwe hivyo, kwa maana chungu cha pekee cha mgonjwa humfanya ajione ametengwa.

Kila aliye nyumbani, pamoja na watoto, ajue dalili za hatari: uso kushuka upande mmoja, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafla, maneno kuvurugika, kuona giza ghafla, au kichwa kuuma kwa kishindo kisichowahi kutokea. Tazama saa zilipoanza, mkimbize hospitali. Kwa kiharusi cha bonge la damu ipo dawa ya kuliyeyusha katika baadhi ya hospitali kubwa, nayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze. Usimpe aspirini nyumbani, maana hujui kama mshipa umepasuka. Wapo watakaosema kwamba amepigwa na upepo au ametupiwa kitu, na si lazima ubishane nao; dua na maombi yaendelee hata garini, ila gari liwe linaelekea hospitali. Kukanda kwa vitu vya moto nako kukataliwe, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mgonjwa kuhisi.

Kulala, bega na kuinuka

Kwa asiyeweza kujigeuza, geuza mwili kila baada ya saa 2, na kila siku kagua matako, nyonga, visigino na vifundo kuona kama kuna wekundu, weusi au ngozi laini isivyo kawaida. Hizo ni ishara za vidonda vya kulalia. Akilala ubavu, mkono uliopooza uwe juu ya mto, vidole vimekunjuliwa. Kulalia upande uliopooza kunaruhusiwa na kuna faida, mradi bega livutwe mbele kidogo ili lisibanwe.

Bega nalizungumzia kwa msisitizo kwa sababu ndilo linaloumizwa zaidi na mikono yenye upendo. Misuli iliyopooza haishikilii tena mfupa wa mkono kwenye tundu lake. Ukimvuta kwa mkono huo, au ukimnyanyua kwa kumshika makwapani, mfupa hushuka, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi, yakamfanya aogope kila zoezi. Waambie hivyo ndugu na wageni wote wanaokuja na kumshika mkono wamwinue wamsalimie. Akiketi, mkono ulale juu ya meza au mto, usining'inie.

Kumtoa kitandani kwenda kwenye kiti kuna mpangilio wake. Kiti kiwekwe upande wenye nguvu, kimegusana na kitanda. Mgeuze alale ubavu, miguu ishuke, kisha ajisukume kwa mkono mzima, yaani usiopooza, aketi, apumzike dakika moja au mbili kizunguzungu kipite. Asogee ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage chini zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Wewe simama mbele yake, upande dhaifu, magoti yako yamekunjwa na mgongo umenyooka, shika mkanda au kanga iliyofungwa imara kiunoni mwake. Mwambie ainamie mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kwa kuwa bila kuinama hivyo hakuna mtu anayeweza kuinuka, hata mzima. Hesabuni pamoja hadi tatu, yeye asukume. Asikukumbatie shingoni kamwe. Akiyumba mtaanguka wote. Mwili wako ukikubeba wewe tu, na yeye akijibeba sehemu yake, kila siku sehemu yake itakua.

Kumeza na kula

Kikohozi wakati wa kula, sauti yenye majimaji baada ya kunywa, machozi kutoka au chakula kubaki shavuni ni dalili kwamba kumeza hakujakaa sawa. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia, ambayo ni miongoni mwa vinavyoua wagonjwa wa kiharusi. Wengi hushangaa kusikia kwamba maji matupu ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa hukimbia kabla koo halijajifunga. Uji mzito, mtindi, ndizi za kuponda na viazi vilivyolainishwa huteremka kwa utaratibu zaidi. Uzito wa vinywaji vyake upangwe na mtaalamu, na mpaka amepimwa usimmiminie maji mdomoni kwa kijiko akiwa amelala.

Aketi wima, kidevu kimeshuka kidogo, redio na mazungumzo vizimwe. Kijiko kidogo, tonge moja, ameze, kisha lingine. Akimaliza apitishe ulimi au kidole shavuni upande dhaifu kutoa mabaki, apige mswaki, na abaki ameketi kwa angalau nusu saa. Mswaki huo si wa unadhifu tu: mate yenye uchafu nayo huingia mapafuni.

Mkono wa kulia unapopooza huja jambo linalowaumiza wengi kimyakimya, yaani kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Nimewaona wazee wanaokataa kula mbele ya wajukuu kwa sababu hiyo. Zungumza na mwenzi wako mapema, waeleweshe watoto, mpe kijiko chenye mpini mnene uliozungushiwa kitambaa na bakuli lenye kingo badala ya sahani, chini yake uweke kitambaa chenye unyevu lisiteleze. Kwa Mwislamu, mwenye udhuru hana lawama, kama vile mgonjwa anavyoruhusiwa kuswali ameketi au amelala, na kutayamamu pale maji yanapomshinda. Imamu wa msikitini akija kumweleza mwenyewe, neno lake litampoza kuliko lako.

Ikiwa anakula nusu moja ya sahani na kuacha nyingine, si kwamba ameshiba. Baadhi ya wagonjwa, hasa waliopooza kushoto, hawautambui upande huo hata kama macho yao ni mazima. Keti upande huo unapozungumza naye, mwelekeze ageuze kichwa, na weka mstari wa rangi pembeni mwa meza kama alama ya kumkumbusha.

Kuvaa, kuoga na ngazi ya msaada

Hapa ndipo kujitegemea kunapojengwa hasa, na hapa ndipo subira ya mwenzi hupimwa. Kanuni ya nguo ni fupi: kuvaa huanza upande uliopooza, kuvua huanza upande mzima. Tuchukue shati. Aketi kwenye kiti chenye mgongo, miguu imekanyaga chini. Shati lilazwe mapajani, kola ikiangalia magoti, upande wa ndani juu. Kwa mkono mzima aushike ule uliopooza, auingize kwenye mkono wa shati ulioning'inizwa kati ya magoti, avute mpaka juu ya kiwiko, kisha begani. Ndipo alipitishe shati nyuma ya shingo, mkono mzima uingie wenyewe. Vifungo vianzie chini, anapoviona. Siku za mwanzo zoezi hili linaweza kuchukua nusu saa, jasho likimtoka, na wewe utakuwa umesimama mlangoni ukitamani kulimaliza kwa dakika moja. Usilimalize. Anza naye mapema, kabla ya haraka za asubuhi, na kama siku hiyo kuna kliniki na muda umebana, mwambie wazi kwamba leo utamsaidia kwa sababu ya gari na si kwa sababu ameshindwa.

Kwa kila tendo la siku jiulize mko daraja gani. La kwanza ni wewe kufanya na yeye kutazama. La pili, unaanza na yeye anamalizia, au anaanza na wewe unamalizia. La tatu, mkono wako haugusi, unaelekeza kwa maneno: "bega kwanza". La nne, umenyamaza ila upo. La tano, hupo. Matendo hayapandi pamoja. Anaweza kuwa daraja la tano katika kunawa uso na la kwanza katika kufunga mkanda wa suruali. Daftari lile la presha lifae kwa hili pia: andika tendo na daraja kila Ijumaa au Jumapili, msome pamoja. Familia nyingi hukata tamaa kwa kuwa zinamlinganisha mgonjwa na alivyokuwa kabla ya kuugua. Daftari humlinganisha na alivyokuwa mwezi uliopita.

Nguo nazo zichaguliwe kwa busara. Dera, kanzu, kanga na suruali ya lastiki humwondolea vita vya zipu. Kwa kanga, pindo linaweza kushonewa utepe wa kunata ili ajifunge kwa mkono mmoja. Viatu viwe vimefungwa nyuma. Kandambili zitupwe nje ya nyumba.

Mkono na mwendo

Mkono uliopooza usipotumika ubongo huuzoea ukosefu wake. Kila siku vunja mazoezi katika vipindi vifupi, asubuhi zaidi, kwa kuwa uchovu wa baada ya kiharusi ni wa kweli na si uvivu. Mtu anaweza kuishiwa nguvu kabisa baada ya kuoga tu. Mazoezi yenye maana kwake humvuta kuliko kufinya mpira: kuchambua mchele, kupukuchua maharage, kukunja kanga, kukamua nguo, kuhamisha kete za bao kutoka shimo hadi shimo, kusukuma chapati kwa mikono yote miwili. Kama mkono hausogei kabisa, ule mzima uubebe, ifutwe meza kwa yote miwili pamoja. Idadi ina uzito: kurudia mara tano hakutoshi, lengo ni makumi, na baadaye mamia kwa siku.

Katika kutembea, fimbo hushikwa na mkono mzima. Ngazi hupandwa kwa mguu wenye nguvu kwanza na kushukwa kwa mguu dhaifu kwanza. Wewe tembea upande dhaifu, nyuma kidogo. Kwa safari, bajaji au teksi inafaa kuliko daladala la kung'ang'ania, na bodaboda isubiri mpaka mtaalamu aridhie. Kuingia garini aanze kukalisha makalio, kisha ageuke na kuingiza miguu. Mguu ukivimba upande mmoja, ukauma na kuwa wa moto, usiukande. Huenda damu imeganda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Usemi

Kupoteza maneno si kupoteza akili, na kosa linalokata maini ni watu kuongea juu ya mgonjwa mbele yake kama hayupo. Wapo wanaoelewa kila kitu na hawawezi kusema, wapo wanaosema kwa ufasaha maneno yasiyo na maana, na wapo ambao midomo tu ndiyo mizito. Zungumza sentensi fupi kwa sauti ya kawaida, kwani hajawa kiziwi. Uliza swali moja, la ndiyo au hapana: "Unataka chai?" badala ya "Unataka nini?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema tena, na usimmalizie neno isipokuwa amekuomba kwa ishara.

Utaona ajabu moja: asiyeweza kutaja jina la mwanawe huenda akahesabu moja hadi kumi, akasoma Fatiha au Baba Yetu, akaimba kaswida au pambio la ujanani. Maneno yaliyozoeleka kwa miaka mingi mara nyingi husalia pale mengine yanapopotea. Yatumie kama mlango: imbeni pamoja, kisha wewe nyamaza kabla ya neno la mwisho la mstari, yeye alijaze. Tengeneza pia daftari la picha za kikombe, choo, dawa, kitanda, sura za watoto, na maumivu, aonyeshe kwa kidole.

Moyo, ndoa na wageni

Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi, na haiji kila mara kwa machozi. Huja kwa kukataa mazoezi, kukosa usingizi, hasira, au kusema kwamba amekuwa mzigo. Inatibika, na huko hospitalini itajwe kama ugonjwa mwingine wowote. Kulia au kucheka ghafla bila sababu ni jambo jingine, linalotokana na jeraha la ubongo lenyewe. Geuza mazungumzo kwa upole, usimkemee wala usimbembeleze sana.

Tendo la ndoa huogopwa na wote wawili, na kwa haya haliulizwi kliniki. Hali ikishatulia na daktari asipokuwa na katazo, wengi huweza kulirudia wanapojisikia tayari, kwa mikao isiyomlemea upande dhaifu na kwa saa ambazo hajachoka. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu au hamu, na jibu ni daktari kuzibadilisha, si mgonjwa kuziacha kimya wala kununua vidonge vya nguvu dukani, ambavyo vikikutana na baadhi ya dawa za moyo vinaweza kushusha presha vibaya. Mwanamke aliyepata kiharusi asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Zipo njia nyingine salama. Hata kabla ya yote hayo, kulala kitanda kimoja, kama mlivyozoea, humwambia kwamba hujageuka muuguzi wake.

Wageni nao wapangiwe. Kumjulia hali mgonjwa ni wema, lakini chumba chenye watu kumi kuanzia alasiri hadi usiku humchosha kiasi cha kukosa zoezi la kesho. Shemeji au binti mmoja apewe kazi ya kuwapokea sebuleni na kuwaingiza wawiliwawili. Mawifi na wakwe waelezwe mapema kwa nini humlishi na humvalishi, la sivyo utasikia umemtelekeza ndugu yao. Waite siku ya kliniki, mtaalamu awaeleze mwenyewe. Na katika zamu za kumtazama mgonjwa andika majina yao: wewe upate usiku wa kulala na siku ya kwenda msibani, sokoni au kanisani, kwa sababu mwenye kutunza akianguka nyumba huwa na wagonjwa wawili.

Simu, fedha na kazi

Simu yake irudi mikononi mwake mapema. Ujumbe wa sauti humfaa asiyeweza kuandika. Namba ya siri ya M-Pesa ikiwa imempotea, ibadilishwe kwa utaratibu wa kampuni akiwepo yeye, si kwa watoto kugawana simu. Saini ikibadilika kwa sababu ya mkono, nendeni benki naye mkasajili saini mpya au dole gumba kabla ya haja kutokea. Maamuzi ya nyumba, ya shamba, ya ada na ya mahari yaendelee kupita kwake, hata kama jibu lake ni la kutikisa kichwa.

Kazi irudiwe kwa vipande. Fundi cherehani aanze kwa kukata na kupima huku mwingine akikanyaga. Mwenye duka ashike daftari la madeni kwa muda wa saa mbili tu asubuhi. Akibaki na ulemavu wa kudumu, nchini Tanzania ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 kati ya hizo ikiwa ya watu wenye ulemavu. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ndiyo ya kuanzia.

Kumwacha peke yake

Daraja la mwisho linahitaji mazoezi kama mengine. Usianze mpaka anaweza kuinuka kwenye kiti, kufika chooni na kuita msaada. Siku ya kwanza nenda dukani kwa robo saa, mchana, akiwa ameketi kwenye kiti chake kizito, simu iko mfuko wa upande mzima na namba yako iko juu kabisa, maji anayoruhusiwa yapo mezani, mlango haujafungwa kwa ndani, na jirani anajua. Likipita salama mara kadhaa ongeza hadi nusu saa, kisha saa nzima, kisha asubuhi yote. Mfundishe pia la kufanya akianguka: asikimbilie kuinuka, ajikague kwanza, ajiburute hadi kwenye kiti kizito, apige goti la mguu dhaifu na kukanyaga kwa ule wenye nguvu, ajisukume kwa mkono mzima, na akishindwa alale ubavu na kuita. Lifanyeni zoezi hili juu ya godoro mtaalamu akiwepo, kabla ya kuhitajika. Na ukirudi nyumbani ukakuta amejipikia chai, jiko likiwa na sukari iliyomwagika, mpokee kikombe akupe, keti unywe, na sukari ifutwe baadaye na yeye mwenyewe kwa mkono ule dhaifu ukiongozwa na mzima.